Glasi ya Mtoto

Nyekundu ilikuwa ya Keziah Lumley, na hakuna mwanamke kwenye meza ile aliyemwonea wivu. Aliyepewa kijani alipaka majani, na majani hayamuudhi mtu. Aliyepewa kahawia alipaka viatu na matawi. Lakini nyekundu ndiyo ya divai, na katika picha waliyoletewa Desemba ile ya mwaka 1843, divai ilikuwa mkononi mwa kila mtu, wazee kwa watoto.

Karakana ya Bwana Septimus Crowle ilikuwa orofa ya juu kabisa, nyuma ya barabara ya Holborn, chumba kirefu chenye dirisha la paa na jiko dogo lililowapasha joto wale wawili tu waliokaa karibu nalo. Wanawake saba waliketi upande mmoja wa meza, kila mmoja na kikopo chake cha rangi. Kadi ilitoka kwa wapiga chapa ikiwa nyeusi kwa nyeupe, ikasogezwa mkono hadi mkono, na ilipofika mwisho wa meza ilikuwa imekwisha vaa rangi zake zote. Ukipewa rangi, hiyo ndiyo yako mpaka kazi iishe. Aliyemwambia Crowle kwamba hapendi rangi yake alionyeshwa ngazi.

Kazi yenyewe ilikuwa mpya, wala wao hawakuielewa. Kulikuwa na bwana mmoja mkubwa, jina lake halikuwafikia mezani, aliyelemewa na barua za marafiki. Tangu posta iwe peni moja kwenda popote nchini, kila mtu alijiona mwandishi, na Krismasi ikikaribia barua zilimiminika, na kukaa na barua ya mtu bila kuijibu ni kukosa adabu. Basi bwana yule akaagiza picha elfu moja zenye maneno yale yale ya kutakia Krismasi njema na mwaka mpya wa heri. Juu ameacha nafasi ya jina la anayepelekewa, chini jina la anayepeleka. Unajaza, unabandika stempu, umemaliza marafiki.

“Yaani humwandikii mtu hata habari moja?” aliuliza Bridget Mulcahy, mwanamke wa Kiairishi wa miaka sitini aliyeshika kijani. “Mwaka mzima hujamwona shangazi yako, halafu unampelekea kipande cha karatasi walichopata watu wengine mia tisa tisini na tisa? Angekuwa shangazi yangu, angekirudisha na kofi.”

Lavinia Strudwick, wa kahawia, alisema huo ni uvivu wa matajiri, maskini akifanya hivyo angeitwa mjinga. Crowle mwenyewe alisema mtindo huo hautaiona Pasaka, lakini pesa ya mtu ni pesa. Walicheka, wakaendelea kupaka.

Keziah hakucheka sana. Katikati ya picha ile ilikaa familia nzima mezani, babu, bibi, wazazi, vijana, wote wameinua glasi kumwelekea anayewatazama. Kando zote mbili walichorwa maskini wakipewa chakula na nguo, na hilo lilistahili sifa. Lakini mbele kabisa, pale jicho linapotua kwanza, mwanamke alikuwa ameinama akimnywesha binti mdogo divai. Mtoto ameshika glasi kwa mikono miwili na kunywa kwa raha zake.

Nyumba ya akina Lumley ilikuwa imekula kiapo. Baba yake, Obadiah, alikuwa fundi wa mapipa, na mapipa ya London ni ya bia. Alikuwa mlevi ambaye mtaa mzima ulimjua kwa sauti kabla ya kumwona. Miaka saba iliyopita aliingia katika kanisa dogo la mtaani kwao, akatia sahihi kwenye kitabu cha wanaoacha pombe, akavishwa medali ya bati. Tangu siku hiyo hakugusa tone. Na watu wa kiapo hawaishii mdomoni. Ukitia sahihi, nyumba yako haili mkate uliotokana na pombe, uwe umeipika, umeiuza au umeitengenezea chombo. Obadiah aliacha mapipa ya bia akaanza kutengeneza ndoo na beseni za kufulia, kazi ambayo fundi wa mapipa huiona kama aibu. Keziah naye alitia sahihi akiwa na miaka kumi na mitano.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mkate aliopeleka nyumbani ulitokana na divai ya kuchora. Baba yake alidhani anapaka ramani na maua, kama alivyopaka majira ya joto. Hakumwambia. Mwanzoni alijipa moyo kwamba rangi si pombe, karatasi haimleweshi mtu. Lakini alijua shemasi angesemaje, na alijua jambo kubwa zaidi, ambalo lilimkosesha usingizi: kilichomzuia baba yake asirudi kwenye chupa ni kile kitabu. Jina lake likifutwa mbele ya watu, hangemaliza wiki. Keziah aliamini hivyo kama alivyoamini kwamba jiwe likiachiwa litaanguka.

Mia nane za kwanza alizipaka zote, glasi kwa glasi, na ya mtoto pia. Aliipaka haraka, akitazama pembeni. Kisha ikaja Jumapili.

Jumapili hiyo Shemasi Ephraim Nottage alipanda mimbari na kadi mkononi. Mama Prudence Galt, mweka hazina wa kanisa, alikuwa ameletewa na jamaa yake tajiri, akaishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Nottage alinguruma nusu saa. Alisema huko ni kufundisha watoto ulevi kwa jina la kuzaliwa kwa Bwana, tena kwa stempu ya Malkia. Alisema watamtafuta kila aliyeweka mkono wake, aliyechora, aliyepiga chapa na aliyepaka. Kadi ikapitishwa kwenye viti. Ilipomfikia Obadiah, aliitazama kwa muda mrefu.

Mchana huo, wakila viazi na nyama baridi, ndipo aliposema. Alisema taratibu, uso wake safi, amenyolewa vizuri, medali kifuani.

“Mtu wa namna gani anampa mtoto mdogo kinywaji, Keziah? Moyo wa namna gani huo?”

Keziah alikuwa ameficha vidole vyake chini ya kitambaa cha meza, maana nyekundu haitoki kwenye kucha hata kwa magadi. Aliposikia swali hilo, hofu ikamtoka. Kilichompanda kifuani kilikuwa hasira, tena hasira ya miaka tisa. Aliinamia sahani.

Kuanzia Jumatatu mkono wake uligoma. Alipaka mashavu, alipaka mtandio wa bibi, alipaka divai ya babu na ya wajomba, na akifika kwenye ile glasi ndogo brashi inapita juu yake bila kutua. Aliiacha nyeupe. Alijua hila ya kumhadaa Crowle. Yeye alikagua kadi ya juu tu ya kila rundo, kwa hiyo ya juu Keziah aliipaka sawasawa na kielelezo, na zilizokuwa chini yake alizifanya alivyotaka. Ilikuwa ujinga, na alijua ni ujinga. Kwa siku nne kilikuwa ndicho kitu pekee kilichomwezesha kukaa kwenye kile kiti.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Mia mbili zilizobaki zilitakiwa dukani saa kumi na moja jioni, na gari la kuzibeba lilikwisha agizwa. Saa tisa, mwanga wa dirishani ukianza kufifia, Crowle alipita akiwasha taa, na kiwiko chake kikagonga rundo la Keziah. Kadi zikatawanyika mezani.

Alisimama akizitazama. Akaokota moja, akaokota ya pili, akazisogeza kwenye taa. Wanawake wote saba waliacha kupaka.

“Hii glasi haina kitu,” alisema.

Crowle alizipanga kwenye meza kama mtu anayecheza karata, safu moja, safu nyingine, na katika kila kadi mtoto alikuwa anakunywa hewa. Alimuuliza Keziah kama ni upofu au ni uchokozi. Keziah alisema ni yeye aliyeziacha. Alipoulizwa kwa nini, alisema hakuweza. Crowle alikuwa mtu mkavu lakini si mkatili. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Utaweza,” alisema. “Utaweza sasa hivi, zote, nami nitakaa hapa hapa. Saa kumi na moja zikitoka hazijakamilika, kesho watu saba hawana kazi, si wewe peke yako. Watazame.”

Keziah aliwatazama. Lavinia alikuwa na wazee wawili nyumbani. Bridget hakuwa na mtu wala kitu, ila kile kiti. Alichovya brashi.

Ya kwanza rangi ilivuka ukingo, na Crowle akaiweka kando na za kuharibika. Ya pili ilikaa. Ya tatu ikakaa. Glasi ile ilikuwa ndogo kuliko punje ya dengu, tone moja latosha, na kwa kila tone alilolidondosha aliona kitu kingine kabisa. Aliona jiko la nyumba yao ya zamani, Krismasi, baba yake amekaa na mdogo wake Keziah, Tabitha, gotini. Tabitha alikuwa na miaka minne. Baba alimwonjesha pombe kali kwa maji moto na sukari, mtoto akakunja uso, wajomba wakacheka wakataka arudie. Akarudia. Baada ya hapo ikawa mazoea, kijiko kimoja alale, viwili alale zaidi, kwa sababu alikuwa mtoto wa kulialia na baba alitaka utulivu. Mwezi Februari hakuamka. Baba alisema ni homa. Mama alisema ni homa, akaendelea kusema hivyo mpaka naye akafa. Kanisani, kila mwaka, Obadiah Lumley alisimama kutoa ushuhuda wa ulevi wake, jinsi alivyouza viatu vyake, jinsi alivyolala mitaroni, na watu wakalia. Habari ya kijiko hakuitaja hata siku moja. Keziah alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa mlangoni, aliona, na yeye pia alikaa kimya.

Alikuwa amefika ya mia moja na hamsini na kitu aliposikia viatu kwenye ngazi. Viatu vya watu kadhaa. Na kimoja kati ya vile alikijua kwa mlio, kwa sababu kisigino chake alikuwa amekibandika mwenyewe wiki iliyopita.

Hakuwa na muda wa kufikiri. Kabla mlango haujafunguliwa, mkono wa Bridget Mulcahy ulipita mbele yake, ukachukua kikopo cha nyekundu na brashi, ukaviweka mbele ya Bridget mwenyewe, na kile cha kijani kikasogezwa mbele ya Keziah. Bibi yule hakumtazama hata usoni.

Aliyetangulia kuingia alikuwa Shemasi Nottage, kofia mkononi, akihema kwa ngazi. Nyuma yake Mama Galt. Nyuma yao Obadiah, amevaa koti la Jumapili. Uso wake ulikuwa na furaha, na Keziah alipouona alitamani sakafu ipasuke.

Nottage alijitambulisha, akasema wapiga chapa wamemwelekeza, na kwamba kanisa lake linataka kujua kama Bwana Crowle ana mpango wa kuendelea kueneza uchafu huu. Crowle akamjibu kwamba yeye anaeneza rangi tu, na kama shemasi ana ugomvi na picha aende kwa mwenye picha, akipenda amwandikie barua, maana huyo bwana anapenda sana barua. Lavinia alikohoa kuficha kicheko. Nottage hakutabasamu. Alisema anataka kumjua anayetia divai. Mtu aliyeshika brashi akamweka mtoto wa Kiingereza kwenye njia ya ulevi, huyo anataka kumwona kwa macho.

“Haina haja ya kugombana, Bwana Shemasi,” alisema Obadiah. “Si nilikwambia njiani? Binti yangu yuko hapa hapa. Yeye anapaka ramani, lakini anawajua wote. Keziah, mwanangu, waambie ni nani.”

Keziah alificha vidole vyake nyuma ya kikopo cha kijani.

“Ni mimi,” alisema Bridget, akainua brashi nyekundu waione. “Una lingine?”

Nottage alimgeukia. Alikuwa na hakika naye tangu mwanzo, hakika ya mtu aliyekuta alichokitarajia. Akamuuliza anatoka wapi, naye akasema Cork. Akamuuliza kama anakunywa, akasema akipata, na shemasi akimkaribisha hatakataa. Hapo shemasi akaanza. Alisema watu wa kwao wameleta maradhi yao mjini, sasa wanayapaka kwenye karatasi ili yaingie nyumba safi kwa posta. Mama Galt alitikisa kichwa kwa kila neno. Bridget alikaa wima, kikopo mbele yake, akipokea yote kama mtu anayesubiri mvua ipite. Alikuwa akimlipia Keziah kitu ambacho Keziah hakumwomba, na angeendelea kukaa hivyo mpaka waondoke. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Dakika tano zaidi za kunyamaza, baba anarudi nyumbani na jina lake, kitabu na medali yake, na kesho inakuwa kama jana.

Obadiah alimtazama Mwairishi kwa macho ya huruma, ile huruma ya mtu aliyekwisha okoka.

“Mama,” alimwambia kwa upole, “hukumfikiria huyo mtoto?”

Ndilo lililomwinua Keziah. Hakujua kwamba amesimama mpaka aliposikia kiti kinaanguka.

“Mwacheni,” alisema. “Si yeye. Nyekundu ni yangu, tangu mwanzo. Zote elfu moja.” Akanyoosha mikono yake mezani, kucha juu, wazione.

Bridget alitukana kidogo kwa lugha ya kwao, akaweka brashi chini.

Nottage alichukua muda kuelewa. Alipoelewa hakumsemesha Keziah kabisa, alimsemesha Obadiah. Alimkumbusha kwamba nyumba iliyokula kiapo ni nyumba moja, kitabu ni kimoja. Alimwambia ana njia mbili. Amkane binti yake mbele ya mashahidi, amtoe nyumbani kwake leo, au Jumapili jina la Lumley lifutwe mbele ya kanisa zima. Alisema inamuuma kusema hivyo, na huenda ilimuuma kweli.

Keziah alimtazama baba yake. Sasa aliona alichokuwa anakiogopa muda wote, mikono ya Obadiah ilikuwa imeanza kutafuta kitu cha kushika. Ilishika ukingo wa meza. Ikashika kadi zilizokuwa pale, zile ambazo hazijafikiwa. Akaitazama ya kwanza, akaiweka chini ya nyingine, akaitazama ya pili.

“Mbona ya mtoto haina kitu?”

“Hilo muulize yeye,” alisema Crowle, ambaye alikuwa akitazama saa kuliko kitu kingine. “Kaziacha hivyo mia mbili kwa kichwa chake mwenyewe. Nimekaa hapa tangu saa tisa namlazimisha azijaze. Kama mnatafuta mtu asiyetaka kutia divai, ndiye huyo, mchukueni na baraka zangu, mradi amalize kwanza.”

Obadiah hakumsikia. Alikuwa akimtazama binti yake, na uso wake ule safi ulikuwa umeanza kufahamu.

“Keziah. Kwa nini uliiacha?”

“Nilikuwa mlangoni, Baba.”

Obadiah alisimama na kadi mkononi, mdomo wazi kidogo, na kwa muda hakuna aliyejua kama ataanguka au atapiga mtu. Mama Galt akamuuliza kwa sauti ndogo, mlango gani. Shemasi akasema jambo hilo lisubiri, wako kwenye lingine.

“Ni lile lile,” alisema Obadiah. Alifungua pini ya medali. Vidole vilimsumbua, ikamchukua muda, na hakuna aliyemsaidia. Akaiweka mezani kati ya vikopo. “Futa, Bwana Shemasi. Usingoje Jumapili. Huyu simkani. Na yule mdogo hakuwa na homa. Mmeniombea miaka saba mkidhani alikuwa na homa.”

Akatoka. Viatu vyake vilishuka ngazi polepole, kisha haraka.

Keziah alikuwa amekwisha chukua mtandio wake. Crowle alijiweka kati yake na mlango. Alimwambia zimebaki arobaini na gari liko njiani, na kwamba akishuka ngazi hizo sasa asizipande tena. Alisema bila ubaya. Kwake ilikuwa hesabu tu.

“Mwache aende, Septimus,” alisema Bridget, akavuta rundo upande wake na kukichukua tena kile kikopo chekundu. “Mimi nishatukanwa kwa ajili ya hii divai, acha basi niipake.”

Barabarani ukungu ulikuwa umeshuka na taa za gesi zimewashwa. Ilikuwa wiki ya Krismasi, watu wamebeba bata bukini na vifurushi, na milango ya kila baa ilikuwa inafunguka na kujifunga, ikitoa joto na nyimbo. Kutoka Holborn mpaka kwao baa zilikuwa sita. Keziah alizijua zote, maana utotoni alitumwa kwenye kila moja kumtafuta baba yake. Alikimbia. Alikuwa anamlaani, akimwomba Mungu amlinde, na kumlaani tena, yote kwa pumzi moja. Kwenye baa ya kwanza aliingiza kichwa, akapigiwa mluzi na wanaume, hakumwona. Ya pili ilijaa mpaka nje. Alisukuma watu, akatazama kila mgongo kwenye kaunta, akaona koti jeusi, akalishika bega. Hakuwa yeye.

Alimkuta kwenye ya tatu. Alikuwa nje. Amesimama hatua moja kutoka mlangoni, mkono wake umeshika chuma cha ngazi, wateja wanamkwepa wakiingia. Kadi ilikuwa bado mkononi mwake, imekunjika. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

Keziah alisimama pembeni yake akihema. Alikuwa na maneno ya miaka tisa, na yote yalikuwa kwenye ulimi.

“Umeingia?”

“Bado.”

“Mimi sijakusamehe, Baba. Nataka ujue hivyo. Sijui kama nitakusamehe.”

“Najua.”

“Na mama alijua.”

“Alijua.” Hakugeuka kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye ule mlango, na kila ulipofunguka mwanga wake ulimpita usoni. “Ningeweza kumwambia shemasi nakukana nikabaki na kitabu. Sasa sina kitabu. Sijui mtu asiye na kitabu anapitaje hapa.”

Mlango ukafunguka tena. Ndani mtu alikuwa anaimba vibaya na wengine wanamshangilia. Mguu wa Obadiah ulisogea kidogo, akaurudisha.

“Nishike mkono,” alisema. “Nipitishe.”

Keziah alimtazama mtu huyu, mwenye miaka hamsini na mitano, fundi wa ndoo, muuaji wa mtoto wake, baba yake. Hasira haikuwa imeondoka. Akabandua vidole vyake kwenye kile chuma, kimoja kimoja, akaushika ule mkono, akamvuta.

Walitembea. Baa ya nne ilikuwa mbele yao, upande wa kulia. Kabla hawajaifikia, Keziah alizunguka nyuma yake, akabadilisha mkono, akapita yeye upande wa mlango.